Wasifu wa Shangazi, Mtu wa Tatu Mstarini

Ndugu, jamaa, majirani, wateja wa cherehani, na ninyi wote mliokuja na baiskeli zenu mkaziegemeza ukutani, karibuni. Familia imempa mdogo wake marehemu kazi ya kusoma maisha yake. Mdogo mtu huyo anajua wazi kwamba marehemu angekuwepo, angeikagua karatasi hii kwanza, angekata maneno yaliyozidi kama alivyokata nyuzi, ndipo angeruhusu isomwe. Kwa hiyo yatasomwa yale tu ambayo hata yeye asingeyabishia. Humu ataitwa Shangazi, kwa sababu kwa miaka saba ya mwisho hapakuwa na mtu, mkubwa wala mdogo, aliyemwita kwa jina lingine. Hata mumewe alijaribu kumwita hivyo siku moja, akaambiwa aache mara moja.

Shangazi alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966, mtoto wa kwanza kati ya wawili, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba alikuwa mpakiaji kiwandani, na mama alifua na kupiga pasi nguo za watu. Alipofika miaka tisa alipewa kazi ya kuwapelekea wenyewe nguo zao kwa baiskeli ya baba, nyeusi, yenye fremu ya wanaume. Kiti hakukifikia. Aliingiza mguu chini ya bomba la fremu akakanyaga pedali akiwa kaning'inia upande mmoja, na kapu la mashati nyuma. Amri ya mama ilikuwa moja tu: shati lifike bila mkunjo. Barabara ile ilikuwa mashimo matupu, basi akajifunza kuinuka kabla ya shimo na kulegeza magoti, baiskeli ipande na kushuka peke yake huku kapu limetulia. Mdogo wake alipewa kazi hiyo baadaye. Mashati yakafika hayatambuliki, na baada ya wiki moja akavuliwa madaraka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973 na kumaliza 1979, kisha akasoma sekondari miaka minne. Darasani alikuwa wa katikati, si wa kuandikiwa barua wala wa kuitiwa mzazi, ila hakuweza kuona kazi ya mtu imekwama akakaa kimya. Alitolewa kwenye timu ya netiboli kwa sababu alisimama katikati ya mchezo kumshikiza mpinzani pindo la sketi lililokuwa limefumuka, na mpira ukampita kichwani. Mwalimu wa michezo alimwambia kwamba michezo si fani yake, atafute kitu cha mikono. Shangazi alimtii. Aliingia chuo cha ufundi mwaka 1984, akatoka mwishoni mwa 1985 na cheti cha ushonaji.

Januari 1986 aliajiriwa katika karakana ya mapazia na sare za shule, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Alikaa hapo miaka minane. Mwaka 1994 alifungua chumba chake mwenyewe, kile chenye mlango wa bluu kati ya duka la dawa na duka la fotokopi, na wengi wenu mmevaa sare zilizotoka humo. Mnakumbuka alivyoacha pindo nene ndani ya kila suruali na kila sketi. Mzazi akilalamika kwamba nguo imempwaya mtoto, jibu lake lilikuwa lilelile: "Mtoto hashonewi leo, anashonewa mwakani." Hakuwa na mkono wa birika. Kitambaa kilichobaki kilirudi kwa mwenyewe hata kama ni cha kufutia miwani tu.

Mumewe alimpata kwa njia ya friji. Karakana ile ilikuwa na friji ya maji ya kunywa, ikaharibika, akaitwa fundi. Fundi akaitengeneza, kisha akarudi baada ya siku chache kuiangalia, akarudi tena, na tena. Mwenye karakana alisema friji yake sasa ina afya kuliko wafanyakazi. Shangazi ndiye aliyeinua kichwa kutoka kwenye cherehani akasema, "Kaka, friji imeshapona. Sema ulichofuata." Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1990, na mwaka 1992 Mungu akawajalia mtoto mmoja wa kiume, ambaye leo ni dereva wa lori na amesafiri usiku na mchana kuwahi kuwa nasi hapa.

Mpaka hapo ni maisha ya mwanamke mwema kama wengi tuliowahi kuwazika, na familia ingeridhika nayo. Lakini Shangazi alikuwa na miaka arobaini na tisa alipoanza mbio za baiskeli za BMX, na hilo haliwezi kusomwa kwa kulirukaruka.

Wageni wa mambo haya waelezwe kidogo. Pembeni ya karakana ya fundi wa kuchomelea tunayemwita Cheche kulikuwa na uwanja uliochimbwa udongo wa matofali ukaachwa na vilima na makorongo yake. Cheche, ambaye ndiye mwenyekiti wa klabu, aliyasawazisha yale makorongo yakawa njia ya mashindano: matuta mfululizo, kona tatu zilizoinuliwa ukingo kama bakuli, na mwanzoni mwake mteremko wenye geti la chuma alilolichomelea mwenyewe. Geti hilo lina nafasi za wapanda baiskeli wanane. Mnasimama juu ya pedali, miguu yote miwili, gurudumu la mbele limegusa geti. Sauti inawaandaa, taa zinawaka, geti linaangukia mbele, mnakwenda. Dakika haijaisha, mmoja anacheka na saba wanatafuta sababu.

Mdogo wake Shangazi ana mabinti wawili. Mkubwa wanamwita Kimya, na mtaelewa kwa nini mkijaribu kuzungumza naye. Mdogo wanamwita Pilipili, na huyo hahitaji maelezo. Mwaka 2015 waliingia klabu ya Cheche pamoja na binti wa jirani, wakawa watatu, na klabu ikafungua kundi la wanawake. Kanuni ilikuwa kwamba kundi lisilofikisha watatu mstarini halifunguliwi, walio humo wanaunganishwa na wavulana. Februari 2016 yule jirani alihama na familia yake yote. Mabinti wakabaki wawili, wakapelekwa kwa wavulana, na katika kona ya kwanza ya mbio ya kwanza Pilipili, kimbaumbau wa miaka kumi na mitatu, alisukumwa nje ya ukingo na mvulana aliyeanza kuota ndevu. Akavunjika mfupa wa bega. Baba yao, ambaye hana haja ya kutajwa maana ndiye aliyesimama mbele yenu na karatasi, alisema hakuna tena binti yake kushindana na wavulana, na kwa kuwa wasichana wenyewe hawatoshi, baiskeli basi, zote mbili zitafutiwe mnunuzi.

Mabinti walikwenda kwenye mlango wa bluu. Pilipili alilia, mkono umefungwa kifuani. Kimya hakulia, alisimama karibu na meza ya kukatia mpaka mteja alipotoka, ndipo akasema, "Shangazi, sisi tunachokosa ni mtu mmoja tu."

Hakuna anayejua Shangazi aliwaza nini jioni ile. Kinachojulikana ni kwamba asubuhi yake hakufungua chumba, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mafua, akaenda karakana kwa Cheche. Alimuuliza kundi la wanawake ni la umri gani. Cheche akavua miwani yake ya giza akasema kuanzia miaka kumi na mitatu na kuendelea.

"Kuendelea mpaka lini?"

Cheche alisema hajawahi kuulizwa.

"Basi niandikishe. Jifya moja haliinjiki chungu, na mawili yanakimwaga."

Cheche alidhani anataniwa. Alipoona hataniwi aliandika. Kutoka hapo Shangazi alipitia kwa mdogo wake, akakaa kitini bila kukaribishwa, akamwambia kwamba amesema watoto hawatashindana na wavulana, na yeye amekubali kabisa, ila ajue kwamba dada yake si mvulana. Mdogo wake akaacha kutafuta mnunuzi wa baiskeli. Nyumbani kazi ilikuwa ngumu zaidi. Mumewe alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole kwamba watu wa umri wao wananunua godoro la kusaidia mgongo, sasa yeye anataka kununua baiskeli ya inchi ishirini. Akajibiwa kwamba hainunui, anaiazima.

Aliazimwa baiskeli ya klabu, helmeti inayofunika uso mpaka kidevu, na glavu. Pedi za magoti alijishonea. Siku ya kwanza alipita juu ya matuta akiwa amekaa kwenye kiti, mwanamke mwenye mwili wake, si wa kupeperushwa na upepo, na kila tuta lilimrudishia hesabu yake. Alishuka akitembea kwa uangalifu. Cheche alimwambia, "Shangazi, hicho kiti si cha kukalia."

"Sasa kimewekwa cha nini?"

"Cha kukuadhibu ukikaa."

Siku ya pili alisimama juu ya pedali, akalegeza magoti, na mwili ukakumbuka mambo ya zamani. Alipita matuta yote baiskeli ikipanda na kushuka chini yake huku kichwa kimetulia sawasawa, bila kukanyaga pedali hata mara moja. Cheche aliuliza nani amemfundisha. Alisema mashati. Kuruka hakuwahi kuruka, magurudumu yake hayakuachana na ardhi mpaka mwisho wa safari yake ya mbio, na kasi hakuwa nayo. Kilichomtoa jasho ni geti. Kusimama juu ya pedali zote mbili bila kwenda popote, gurudumu limeegemea chuma, si jambo la kuzoeleka kwa siku moja. Mabinti walimshikia kiti kwa nyuma kila jioni. Mchana alijizoeza dukani, gurudumu la mbele limegota kwenye mguu wa meza ya kukatia, yeye juu ya pedali na utepe wa kupimia shingoni. Mteja akiingia aliombwa asubiri kidogo mama aanguke kwanza.

Mbio zake za kwanza zilikuwa Jumamosi ya tarehe 16 Aprili 2016. Watatu mstarini: Kimya kulia, Pilipili katikati, bega lake limepona, na Shangazi kushoto. Baba yao alisimama kwenye kamba, moyo mkononi. Taa ikawaka, geti likaanguka, mabinti wakachomoka bega kwa bega, na Shangazi akabaki palepale juu, amenyoosha mkono, anawashangilia: "Nendeni, wanangu, nendeni." Uwanja mzima ulikuwa unamtazama yeye badala ya mbio. Ikabidi Cheche ashike kipaza sauti aseme, "Shangazi, na wewe umo."

Ndipo akashuka. Alimaliza wakati mabinti wameshavua helmeti na kunywa maji, na kwa kuwa alikuwa wa tatu, akavishwa nishani ya tatu. Aliitundika dukani kwenye reli ya zipu, na baada yake nyingine, na nyingine. Mteja mgeni akiziona aliuliza kwa heshima, wa tatu kati ya wangapi? Shangazi alijibu bila kupepesa, "Kati ya watatu." Hakuona haya hata chembe, kwa sababu alijua vizuri kuliko sisi kwamba bila wa tatu hakuna wa kwanza.

Lakini mchezo ule una bei yake. Septemba 2017, kwenye kona ya pili, gurudumu lilimteleza akaangukia mkono wa kulia. Kifundo kilivunjika, akafungwa plasta mpaka chini ya kiwiko. Hapo mumewe, mtu mpole ambaye hatujawahi kumsikia akipandisha sauti, alikaa kitandani akamwambia imetosha. Alisema mkono ule ndio unaokata kitambaa, na hata kama usingekata kitu chochote, ni mkono wa mke wake. Shangazi hakubisha. Alikiri kwamba ana haki. Kisha akasema neno ambalo mumewe alilirudia kwetu mara nyingi: "Nikitoka mimi, watabaki wawili."

Mashindano yaliyofuata yalikuwa Oktoba, na plasta bado ilikuwa mkononi. Daktari alikuwa amemkataza kuendesha baiskeli. Shangazi alifika uwanjani na baiskeli yake, akamweleza Cheche kwamba daktari amekataza kuendesha, hakukataza kutembea. Cheche alijikuna kisogo, akafikiri, akasema kanuni inataka kila mshindani awe na baiskeli mstarini na aivushe mwisho, haikusema awe juu yake. Basi geti likaanguka, mabinti wakaondoka, na Shangazi akashuka mteremko kwa miguu, anaisukuma baiskeli kwa mkono wa kushoto.

Njia ambayo wenzake huimaliza kabla dakika haijaisha, yeye aliipanda tuta moja baada ya jingine. Kupanda alisukuma, kushuka baiskeli ilimvuta. Mwanzoni watu walicheka, naye mwenyewe alicheka nao. Wanasema mwenda pole hajikwai, lakini yeye alijikwaa mara mbili. Kwenye kona ya mwisho alisimama, akaegemea usukani, pumzi zimemwishia, na kicheko kikakatika. Mumewe alikuwa amekuja kumchukua tu amrudishe nyumbani. Aliruka kamba akaingia uwanjani, akanyoosha mkono ashike baiskeli.

"Usiguse," Shangazi alimwambia. "Ukiishika nimesaidiwa, na nikisaidiwa watoto hawahesabiwi."

Akarudisha mkono. Akaiweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, kama mtu anayeogopa itamponyoka, akatembea kando yake mpaka mwisho. Wavulana wa kundi lililofuata walikuwa wameshapanda kwenye geti, wakashuka kwenye baiskeli zao wakasubiri. Hakuna aliyewaambia wasubiri.

 Njiani kurudi nyumbani mumewe akauliza, "Wakipatikana wengine, utapumzika?"

Akasema, "Wakipatikana, nitapumzika."

Ndugu zangu, mtu anayetengeneza friji ana nafasi ambayo hata mwanasiasa hana. Anaingia jikoni kwa watu, na akishamaliza kazi lazima angoje friji ishike ubaridi. Muda huo wote shemeji yetu alikuwa akiupoteza kwa kukodolea ukuta. Kuanzia wiki ile aliutumia. Kila nyumba aliuliza kama kuna msichana, akaeleza habari za geti na matuta na kundi linalohitaji watu. Nyumba ya tatu mama mwenye nyumba alimwelewa vibaya akamtoa na mwiko, zana zake zikafuata. Jumapili Shangazi alikwenda naye kueleza, plasta ikiwa ushahidi, na yule mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kumleta binti yake. Akafuata binti wa muuguzi, wakafuata mapacha wa mwenye duka la rangi. Shangazi aliwashonea wote suruali za mbio, magoti ya tabaka mbili, na vipimo hakuwachukua wakiwa wamesimama wima kama kwa sare. Aliwapima wakiwa wameinama juu ya baiskeli, kwa sababu alisema huko ndiko watakakozivaa.

Mtu angedhani hapo ndipo alipopumzika. Haikuwa hivyo. Watoto wa watu wana mitihani, wana wazazi wanaohama, wana mioyo inayobadilika. Wakifika wanne, kesho wanabaki wawili. Kila mara Shangazi alipoiweka helmeti rafuni, kabla ya mbio zilizofuata ilibidi aivae tena. Mwanawe, ambaye mwanzoni alikuwa akiwaambia madereva wenzake kwamba mama yake yuko safarini, siku moja alikutwa amebandika picha ya baiskeli ndogo kwenye kioo cha lori.  Kimya alianza kuwafundisha wageni namna ya kusimama kwenye geti, kwa maneno machache mno na kwa subira isiyoisha. Pilipili alianza kuwashinda hata wale wavulana wenye ndevu, kwa hiari yake mwenyewe, na baba yake aliruhusu kwa kufumba macho.

Tarehe 25 Machi 2023, Jumamosi, wanawake waliojiandikisha walikuwa tisa. Haikuwahi kutokea. Kwa kuwa geti lina nafasi nane, ilibidi wagawanywe makundi mawili ya mchujo, na wanane bora waingie fainali. Shangazi, miaka hamsini na sita, alikuwa wa tisa. Katika maisha yake yote ya mbio hakuwahi kukosa fainali, kwa sababu hapakuwahi kuwa na watu wa kumkosesha. Cheche alisoma majina ya waliofuzu, na alipofika mwisho sauti ilimpungua. Alisema kwa masikitiko kwamba Shangazi ametolewa.

Pilipili alimkimbilia amfariji, akamkuta amekaa kwenye benchi, helmeti mapajani, uso umechanua. Alimpita Pilipili, akamwendea Cheche.

"Hebu tangaza tena."

"Nitangaze nini, Shangazi?"

"Kwamba nimetolewa. Wale wa nyuma hawakusikia."

Cheche akatangaza tena, kwa nguvu zake zote, na uwanja ukapiga makofi kama vile ametangaza mshindi. Shangazi akaenda kukaa na mumewe kwenye kamba. Alikuwa hajawahi kuliona geti la wanawake kutoka mbele, kwa kuwa siku zote yeye mwenyewe alikuwa ndani yake. Sasa aliliona: magurudumu manane yamegusa chuma, helmeti nane, mapacha wa duka la rangi, binti wa muuguzi, Kimya, Pilipili, na watatu ambao hata majina yao hakuwa ameyashika vizuri. Alilia waziwazi, hakujificha. Alimshika mumewe mkono akasema, "Tazama, hakuna pengo."

Hatukujua kwamba alikuwa ameshaanza kuumwa. Tangu mwanzo wa mwaka mgongo ulimuuma na chakula kilimkinaisha, naye akayatupia yote umri. Alikuwa akikonda, lakini kila wiki alipunguza magauni yake mwenyewe kwa cherehani, yakamkaa vilevile, ndiyo maana hakuna aliyeona. Fundi akitaka kuficha kitu cha mwilini mwake, nani atakigundua? Juni madaktari waligundua saratani ya kongosho, na ilikuwa imekwenda mbali. Alitibiwa hospitali mpaka Agosti, kisha akaomba kurudi nyumbani. Familia inawashukuru wauguzi waliomhudumia, hasa yule muuguzi ambaye binti yake yumo katika mbio, aliyepita kila jioni baada ya zamu bila kuitwa.

Alipokuwa kitandani hakuuliza habari za duka. Kila Jumamosi aliuliza swali moja, "Mlikuwa wangapi?" na mabinti walimwambia ukweli, maana alikuwa na njia ya kukutazama ukitia chumvi. Jumamosi ya tarehe 30 Septemba Kimya alimwambia walikuwa kumi na mmoja, na watatu kati yao ni wageni kabisa, hawajui hata kusimama juu ya pedali. Aliuliza ni nani anayewashikia viti.

"Mimi," alisema Kimya.

Shangazi akafumba macho, akaegemeza kichwa. Hakuuliza tena. Jumatatu ya tarehe 2 Oktoba 2023, asubuhi, jua limeshaingia chumbani, alifariki dunia mikononi mwa mumewe, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Tunalia leo, na hatuoni haya kulia. Tumempoteza mwanamke aliyekubali kuwa wa mwisho mbele ya watu, mwaka baada ya mwaka, ili watoto wasio wa tumbo lake wapate kuhesabiwa. Mdogo wake angependa kusema zaidi, lakini karatasi imekwisha.

Shangazi ameacha mume, mtoto mmoja wa kiume, mkwe na mjukuu mmoja wa kike anayetambaa. Ameacha mdogo wake, wifi yake, na mabinti wao wawili, Kimya na Pilipili. Ameacha Cheche na klabu nzima, na wasichana kumi na mmoja waliosimama pale nyuma, wengi wao wakiwa wamevaa suruali alizowashonea.

Alisema atapumzika wakipatikana. Basi apumzike kwa amani, dada yetu. Wametosha.